Tonge la Kwanza

Swali langu ni dogo na sitalizungusha: nyumba ni ya nani? Simaanishi hati. Hati ni karatasi, na karatasi panya wanakula. Namaanisha pale chakula kimeshatengwa, mvuke unapanda, watu wamenawa na kunyamaza: wakati huo nyumba ni ya nani? Kwetu jibu lilijulikana. Nyumba ni ya yule anayemega tonge la kwanza. Wengine wote, hata aliyelima, hata aliyepika, hata aliyenunua nyama kwa jasho lake, ni watu waliokaribishwa. Nimekaa na jibu hilo tangu nina meno bila kuliuliza chochote, mpaka kaka yangu alipotupeleka kwenye loji.

Kaka yangu anaitwa Mcharo. Huko anakofanya kazi ni mtu mzito, akikohoa watu wanafunga milango taratibu. Alisema baba ametoka hospitali, apumzike mahali pasipo na kelele, aone wanyama, na familia ikae pamoja angalau mara moja kabla hatujaanza kukutana misibani tu. Nikamwambia baba ameona wanyama maisha yake yote, ndio waliokuwa wakimlia mahindi. Akanijibu kwamba mimi ni mkorofi tangu kuzaliwa. Hilo ni kweli, na aliyenipa jina hilo la mkorofi ni baba mwenyewe, kwa mapenzi, siku nilipomkatalia mchumba wa kwanza. Basi tukaenda. Baba, Mzee Mbazi. Mcharo na mkewe Niendiwe, wifi yangu, ambaye ndiye aliyejifunza kumchoma baba sindano ya kisukari. Pacha wao wawili, wadogo bado. Na mimi, Nakijwa, ambaye sikuwa na mume wala kisingizio.

Njia ya kwenda huko siwezi kuieleza vizuri. Gari lilikwenda na nchi haikusogea. Kilima kimoja kilikaa upande wa kushoto asubuhi yote, na tulipofika kilikuwa bado pale pale, kimekaa tu. Getini tuliombwa tuvue saa zetu tuziweke kwenye kisanduku cha mbao, zipumzike nazo. Mcharo, ambaye hufoka mtu akimchelewesha kidogo, alivua yake akacheka. Tukapewa taulo za baridi zenye unyevu tufute vumbi, na juisi ya ukwaju. Mkuu wa wahudumu, Bwana Lukumai, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, akasema, karibuni nyumbani. Baba akavua kofia. Akatazama paa la makuti, akatazama wahudumu waliojipanga, akatutazama na sisi.

"Asante," akasema. "Naona watumishi na naona wageni. Mwenyewe yuko wapi nimsalimie?"

Lukumai akatabasamu, akaeleza kwamba wote pale wapo kwa ajili yetu, tuagize lolote. Baba akasema hilo ameshaliona, ndiyo maana anamuulizia mwenyewe. Tukacheka. Mzee ana mambo, tukasema.

Loji ilikuwa ndogo na ilikuwa yetu peke yetu, hakuna mgeni mwingine. Na ilikuwa na tabia moja iliyonisumbua tangu mwanzo: kila kitu kilifika kabla hujakitaka. Unafikiri kiu, glasi iko mkononi. Unahisi jua, mwavuli umeshafunguka. Nikaanza kujichunguza kama mtu aliyepoteza funguo. Hiki ninachokitaka, nimekitaka mimi, au nimekikuta kimeletwa nikakiona chema? Mtu ambaye matakwa yake yanatimizwa kabla hayajazaliwa, ana matakwa kweli? Nikajaribu kutaka kitu cha ajabu, nikataka jembe. Hawakuleta. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini pale siku ya tatu haikuwepo. Kila asubuhi Lukumai alisimama pale pale na taulo zile zile na ukwaju ule ule, akatuuliza safari ilikuwaje, akasema karibuni nyumbani. Ukimwambia tumefika jana, anainamisha kichwa kwa heshima na kusema asante kwa kufika. Kwa hiyo sijui tulikaa siku ngapi, na sitajifanya najua.

Sasa nieleze habari ya baba, maana bila hiyo haya mengine ni maneno ya mtu aliyeshiba. Baba alikuwa ameanza kutusahau. Si wote kwa mpigo. Alianza na pacha, akaja kwa Niendiwe, akamwita muuguzi, na kwa kuwa alikuwa akimchoma sindano hatukubisha. Mimi aliniita kwa jina la dada yake, siku nyingine kwa jina la mama yake, na siku nyingine aliniamkia shikamoo, nikaitikia nikaenda kulia bafuni. Ila kuna kitu kimoja hakukisahau. Nyumbani, sinia likitua mbele ya kigoda chake, mkono wake ulikwenda wenyewe. Ulimega, ukatowea, ukapeleka mdomoni, na sisi tukafuata. Kichwa kilikuwa kimeondoka, mkono ulibaki na nyumba. Daktari alisema maadamu anakula kwa wakati, na sindano inafuata chakula, atakuwa nasi. Akasema pia kwamba akichomwa bila kula, sukari itashuka na hatutakuwa na muda wa kujuta.

Jioni ya kwanza tulikaa kwenye meza ndefu inayotazama kisima ambacho wanyama huja kunywa. Kichwani mwa meza kulikuwa na kiti kikubwa cha mninga, kitupu, kimewekewa sahani na kitambaa. Nikauliza ni cha nani. Mhudumu mmoja akasema cha mwenye loji, anaishi mbali. Mwingine akasema mwenye loji hufika kama mgeni, na jina jingine kila safari, ili aone anavyohudumiwa. Lukumai, nilipomuuliza, alisema kazi yake ni kukifuta vumbi.

Kikaja chakula, kila mtu na sahani yake. Kipande cha nyama katikati, majani mawili juu, mchuzi umechorwa pembeni. Hakuna sinia. Baba akaweka mikono mapajani na kukitazama kiti kitupu.

Hapo ndipo sisi tulipokwama, na mtu wa nje ataona ujinga. Mtoto hagusi chakula kabla ya baba. Hilo kwetu halijadiliwi. Baba mdogo aliwahi kumega kabla ya marehemu babu, akisema mzee anachelewesha, na babu hakumaliza wiki. Labda ni bahati mbaya. Lakini tangu hapo, kwetu, anayemega baba akiwa amekaa anamzika baba kwa mkono wake wa kulia. Na baba naye alikuwa na sheria yake: mgeni hagusi chakula kabla ya mwenyeji. Mwenyeji ndiye anayeonja kwanza, mgeni ajue chakula ni salama na amekaribishwa kwa moyo, na mwenyeji haondoi mkono mpaka mgeni ashibe. Basi sisi tunamngoja baba, baba anamngoja mwenye kiti, na mwenye kiti hayupo duniani, au yupo na jina jingine.

Watoto walikuwa wameshalishwa jikoni, maana watoto hawahesabiwi mezani. Sisi wakubwa tulikaa. Chakula kikapoa. Lukumai akadhani hatujakipenda, akaamuru kiondolewe, kikaja kingine bora zaidi. Samaki aliyebanikwa kwenye jani la mgomba. Tukamtazama, akapoa naye. Wakaleta kwale. Wakaleta kitu kilichopambwa kwa maua, sijui cha kula ni maua au ni kilicho chini yake. Mcharo alikuwa anameza mate kwa sauti. Nikamnong'oneza kwamba yeye ndiye mwanamume, ndiye mkubwa, ndiye aliyetuleta, amege. Akanitazama kwa hasira, lakini macho yake yalikuwa yale ya utotoni, siku alipovunja taa ya chemli. Akasema yeye hamuui baba yake kwa ajili ya kwale. Niendiwe hakumchoma baba sindano jioni ile, kwa kuwa hakula. Tukaenda kulala na njaa katika vitanda vyenye mito mingi kuliko watu.

Nikawaza. Mwenyeji ni nani? Aliyejenga? Fundi alishaondoka. Anayemiliki? Hayupo. Anayehudumu? Amekatazwa kukaa. Anayelala humo? Huyo anafukuzwa na usafi wa asubuhi. Nimezunguka nikarudi pale pale. Labda dunia nzima iko hivi, imejaa watumishi na wageni, wote wanakitazama kiti. Na wenye nguvu ni wale wanaotunza kiti kisikaliwe. Niliona fahari kidogo kwa wazo hilo. Kisha tumbo likanguruma, na wazo likaisha.

Asubuhi tukakaribishwa upya. Mhudumu alimpelekea baba sinia dogo la mikate na matunda barazani kwake. Niendiwe alipofika akalikuta tupu, makombo tu. Akamuuliza kama amekula. Baba akasema amekula, ameshiba, Mungu awabariki. Wifi yangu akamshukuru Mungu, akamchoma.

Nilikuwa nimekaa nje nikitazama kisima. Punda milia walikuwa wanakunywa, nyati wanakunywa, ngiri na watoto wake wanakunywa kwa magoti. Hakuna aliyemwambia mwenzake karibu. Juu ya paa la baba palikuwa na tumbili wamekaa. Mmoja alikuwa anamenya ndizi kwa utulivu kabisa, na mwingine alishika mkate, kwa mikono miwili, akila ukoko kwanza.

Nikasimama. Nilikuwa nimemjua baba muda mrefu kuliko nilivyojijua mwenyewe. Mgeni mstaarabu akiulizwa amekula hujibu ameshiba, hata kama utumbo umeshikana. Hamfedheheshi mwenyeji. Nilikimbia, na mimi si mtu wa kukimbia.

Nilimkuta mezani, kwenye kiti kile kile cha jana, mikono mapajani. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni na vidole vinatetemeka. Niliwaambia Mcharo na mkewe habari ya tumbili, na Niendiwe akaketi sakafuni. Mcharo akachukua glasi ya ukwaju akamwekea baba mdomoni. Baba akafunga midomo, akageuza uso. Mcharo akamsihi. Akamwita baba, baba yangu, nakuomba. Baba akasema, kwa sauti iliyoanza kuteleza, kwamba yeye hanywi cha watu katika nyumba ambayo mwenyewe hajamwona. Mcharo akajaribu kumfungua mdomo kwa kidole, juisi ikamwagika kifuani, na baba, aliyekuwa hana nguvu ya kushika kijiko, akampiga kofi. Mtu mzito akalia mbele ya wahudumu. Lukumai akasema ameita ndege, ndege itakuja. Nikamuuliza itakuja lini. Alitazama mkono wake ambao haukuwa na saa.

Nitasema nilichokihisi, maana hadithi hizi za kufikirifikiri zina tabia ya kuficha. Niliogopa. Sikuogopa baba kufa tu. Niliogopa kumuua mimi. Nimepinga mambo mengi katika maisha yangu, ndoa, kanisa, wakubwa wa kazi, na kila nilipopinga baba alikuwepo nyuma yangu, amekaa kwenye kigoda, amemega tonge lake. Ukorofi wangu wote ulisimama juu ya mkono ule. Nikimega mimi, nitakuwa mkorofi kwa nani?

Nikaenda nyuma. Kuna pazia la makonge ambalo wageni hawapiti, na nyuma yake kuna jiko la kweli, lenye moshi. Wafanyakazi waliokuwa wameamka alfajiri walikuwa wanakula chakula chao kizito, ugali na mlenda na dagaa, wamezunguka sinia moja la bati. Lukumai alinifuata, akanizuia kwa adabu. Akasema samahani mama, huku si mahali pa wageni.

"Mimi si mgeni," nikamwambia.

Sijui niliyatoa wapi. Lakini alisogea. Nikawaomba radhi waliokuwa wanakula, nikalibeba sinia lao kama lilivyo. Nikamwambia Lukumai alete birika na beseni, na akaleta. Nikapita nalo lile pazia, nikapita kati ya Mcharo na mkewe, nikaliweka mbele ya baba. Kisha nikavuta kile kiti cha mninga, kilichofutwa vumbi kila siku, nikakikalia. Kilikuwa kigumu na kilinifaa.

Nikanawa. Nikamnawisha baba, kidole kwa kidole, maana havikuwa vinamtii. Nikachukua glasi ya ukwaju, nikanywa mbele ya macho yake nusu funda, nikamshikisha. Kisha nikamega. Tonge lilikuwa la moto. Mcharo aligeuza uso, kama watu wanavyogeuza nyuso jeneza linaposhushwa. Nikatowea kwenye mlenda, nikala, nikameza. Nyumba nzima ilinisikia nikimeza.

"Karibu, mzee wangu," nikasema. "Mimi ndiye mwenye nyumba. Tule."

Baba akanitazama. Macho yake yalinipita usoni polepole, paji, pua, kidevu, akitafuta. Niliomba asinitambue, na niliomba anitambue, yote mawili kwa wakati mmoja.

"Eh," akasema. "Nilikuwa nakungoja wewe."

Akanywa ukwaju wote. Akameza tonge dogo nililommegea, kisha akamega mwenyewe, la pili kubwa kuliko la kwanza. Jasho likaanza kukauka. Vidole vikatulia, kimoja kimoja. Akausifu mlenda, akasema umepikwa na mtu aliyelelewa. Mcharo alikuwa bado amesimama na mashavu yamelowa. Nikamwambia akae ale. Akanawa, akangoja. Nikaelewa anangoja nini, nikasema karibu, ndipo akanyoosha mkono. Kaka yangu, mkubwa wangu, aliningoja mimi. Niendiwe naye akasogea, na kwa muda tulikuwa mikono minne katika sinia la bati, kama kwetu.

Lukumai akaja na taulo na ukwaju kukaribisha upya, sijui kwa nini, labda ilikuwa siku nyingine tayari. Akampa baba, akampa Mcharo, akampa Niendiwe. Mimi hakunipa. Alisimama nyuma ya kiti changu, mikono nyuma, akainama kuniuliza mchana wageni watakula nini. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wa kale. Sikujisikia nimepona. Nilijisikia nimehamishwa kutoka chumba kimoja kwenda kingine, na mlango wa nyuma umefungwa taratibu na mtu mwenye heshima. Nikamwambia apike ugali, kwenye sinia moja.

Mbali kidogo ndege ilisikika ikizunguka kutafuta mahali pa kutua. Baba hakuisikia. Alikuwa ameegemea kiti, uso umerudi rangi, mtu mwenye afya aliyetembelea watu wema. Akapangusa mdomo, akaniinamia, akashusha sauti ili wale wengine wasisikie.

"Mama, umenikarimu," akasema. "Mimi nina binti. Anaitwa Nakijwa, mkorofi sana, lakini ndiye wangu. Atakuwa ananitafuta sasa hivi, ana wasiwasi yule. Ukimwona, mwambie baba yake amekula."

Nikamwambia nitamwambia.

Akashukuru, akarudisha mkono kwenye sinia, akamega tena. Mimi nilikuwa sina njaa. Lakini mwenyeji akiondoa mkono mgeni naye ataondoa, kwa hiyo nikamega, nikatowea, nikala.